Uso wa Anita

Jeni alinipigia simu asubuhi, mikono yangu ikiwa na unga wa maandazi, ikabidi niipokee kwa kidole kimoja. "Dada Tina, Mama ametutoka," akasema. Mafuta kwenye karai yakaanza kutoa moshi. Mazishi yangekuwa kesho yake, pale pale Shanwe, mjini Mpanda, kwenye nyumba ile ile ya mama yake niliyopanga nikiwa binti. Kabla ya kukata simu akaniambia kwamba ile picha niliyoichora bado ipo, na kila anayekuja kuhani anauliza ni kazi ya nani. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilihisi hasira ya zamani ikinipanda, hasira ya mtu aliyeshindwa kazi, na kazi yenyewe ikakataa kusahaulika. Kwenye basi la kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda, tulipoingia porini Katavi, abiria wenzangu waliinuka vitini kuangalia twiga. Mimi nilikuwa nawaza kidevu. Kidevu cha picha ile hakikukaa sawa tangu siku ya kwanza, na mpaka nywele zangu zinaota mvi nilikuwa bado nakikasirikia.

Mambo ya kwetu na ya ukoo nitayaacha, hayana kazi hapa. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini, nimepanga chumba kwa Mama Jeni, na kutwa nashinda kwenye kibanda cha Fundi Sospeta nikijaza rangi kwenye herufi alizozichora yeye: SALUNI, DUKA LA DAWA, KARIBU CHAKULA. Nyumba ya Mama Jeni ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, kuta zake hazikufika kwenye bati, kwa hiyo aliyekohoa jikoni alisikika mpaka chumba cha mwisho. Kioo cha nyumba nzima kilikuwa kipande kilichovunjika, kimechomekwa kwenye ufa wa mlango, cha kujitazama jicho moja moja. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na chini ya kitanda sanduku la kadibodi lililoachwa na mpangaji aliyenitangulia, binti mmoja wa Ulaya aliyekuja kufundisha kwa kujitolea, akaugua malaria, akarudi kwao. Ndani mlikuwa na brashi za saizi zote na tyubu za rangi, zimebonyezwa bonyezwa kama dawa ya meno. Baadaye sana nilijua kwamba zinaitwa akriliki. Wakati ule zilikuwa rangi za mzungu tu, na maelezo yaliyoandikwa kwenye tyubu yalikuwa ya lugha ambayo hata mwalimu wa Kiingereza wa jirani aliitazama akasema, "Hii siyo."

Mama Jeni alikuwa ametoka Mishamo. Mumewe alibaki kule kwenye mahindi yake, akija kwa baiskeli akipata nafasi. Yeye alihamia mjini na binti yake Jeni baada ya kumzika mdogo wake Jeni, Anita, aliyekuwa na miaka saba. Haya niliyajua kwa kusikia, maana yeye mwenyewe hakuwa anasema. Mpaka siku moja aliponikuta uani nachora kichwa cha mwanamke kwa ajili ya kibao cha saluni, akasimama nyuma yangu na ungo wa karanga mkononi mpaka nikaanza kukosea.

"Tina, mwanangu. Wewe unaweza kumchora mtu ambaye hayupo?"

"Naweza," nikasema, bila hata kugeuka.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ningeulizwa kama naweza kuchora upepo ningesema naweza. Akaniambia basi habari ya mpiga picha aliyekuwa anazunguka Mishamo na baiskeli, aliyempiga picha Anita akiwa na gauni la Pasaka, akaahidi kurudi na picha, akaondoka na filamu yake na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Mama Jeni hakukubali kupigwa picha na mtu yeyote. Alisema hao watu wanachukua uso wa mtu wanaondoka nao. Picha nyingine ya Anita haikuwepo, na hakukuwa na mtu mwingine wa kufanana naye. Jeni alikuwa amefanana na baba yake pua mpaka vidole vya miguu.

Nilichojua mimi wakati huo ni rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta unaizimua kwa mafuta ya taa, unajaza herufi, unakwenda kula ugali wako, ukirudi inakusubiri pale pale ulipoiacha. Kwa hiyo nilizimua rangi za tyubu kwa mafuta ya taa. Zikakatika kama maziwa yaliyochacha, zikaganda kwenye sahani ya bati vipande vipande, na tyubu nzima ya njano ikaenda na maji machafu. Fundi Sospeta alinicheka mpaka akaketi. "Hizo za watoto wa shule," akasema. "Rangi isiyonuka siyo rangi." Nilipogundua kwamba zinataka maji matupu, yakaja mengine. Ilikuwa kiangazi, jua la Septemba, vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye chungu cha maharage. Nilikuwa nachanganya rangi ya shavu, najivuta niitazame, nikirudi imekauka sahanini, ngumu, haikubali maji wala maombi. Brashi niliyoisahau kwa muda wa kwenda kuteka maji niliikuta imekuwa kijiti. Niliitupa ukutani, nikaiokota, nikaitupa tena. Nilikuja kujua mwenyewe, kwa hasara, kwamba sahani inafunikwa na kitambaa chenye maji, rangi inakamuliwa kidogo kidogo, na brashi haitoki kwenye kopo la maji hata mtu akikuita kwa jina la baba yako. Leo mtoto yeyote mwenye simu anaonyeshwa mambo haya na mtu anayetabasamu. Mimi kila jambo nililijua baada ya kuharibu kitu, na huwa nawaonea wivu watoto wa leo, nasema wazi.

Tulikuwa tunafanya kazi wakati wa kula, kwa sababu ndipo Mama Jeni alipokuwa ameketi. Sinia la ugali wa muhogo katikati, isombe, yaani majani ya muhogo, iliyokolea mawese, wakati mwingine samaki, mgebuka mkavu uliorostiwa. Mimi na penseli na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji.

"Pua yake ilikuwaje?"

"Ya kwake."

"Ndiyo, Mama. Ya kwake ikoje?"

"Ya mtoto."

"Na macho?"

"Alikuwa anakuangalia kama anataka kukuuliza kitu."

"Sasa hiyo kuuliza naichoraje?"

"Si ulisema unaweza?" Akanisogezea mboga. "Kula, inapoa."

Jeni, aliyekuwa na miaka kumi na moja, akasema, "Alikuwa na meno makubwa ya mbele." Mama yake akamkatalia hapo hapo. "Hayo ni ya kwako. Ya Anita yalikuwa yametoka, hakuwa nayo." Jeni akainama kwenye sinia akala. Mimi nikafuta meno.

Uso wa kwanza niliutengeneza ubaoni kwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu tyubu ya kahawia aliyokuwa nayo yule binti ilikuwa imekamuliwa ikaisha. Ukatoka wa majivu. Niliongeza nyekundu, ukawa wa majivu yenye homa. Mama Jeni aliuangalia kidogo tu. "Huyu ameshakufa," akasema. "Mimi namtaka wa kabla." Akarudi kwenye karanga zake, na mimi nikabaki nimekaa na sahani magotini, machozi ya hasira yananitoka, namchukia yule binti wa Ulaya aliyetumia kahawia yote, sijui alikuwa anachora nini, pengine mti.

Kahawia niliipata siku nilipokuwa napangusa sahani kwa tambara, nyekundu na njano na tone la bluu vikajichanganya vyenyewe, na kwenye tambara pakatokea ngozi ya mtu. Nilipiga kelele Jeni akaja mbio akidhani nyoka. Furaha ile haikufika mbali. Rangi hizi zikiwa mbichi ni nyepesi, zikikauka zinaiva, zinakoza kuliko ulivyoziacha. Jioni Mama Jeni anasema rangi ndiyo hiyo hiyo. Asubuhi anapita na ndoo, anasema, "Mbona umemchoma na jua tena?" Nampaka upya. Asubuhi ameiva tena. Wiki kwa wiki nilikuwa nafanya kazi moja, nayo inarudi nyuma mara tu ninapoipa mgongo.

Ningeacha. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia, na sanduku nimelirudisha chini ya kitanda. Alasiri hiyo nilikuwa chumbani kwangu nimejilaza, na Mama Shija, Msukuma aliyekuwa anatuletea maziwa, alikuwa ameketi na Mama Jeni jikoni. Kuta zile hazikuficha kitu.

"Kwa nini unamsumbua huyu binti wa watu?" Mama Shija akasema. "Mtoto ameenda. Mwache aende."

"Hujui, Mama Shija. Mimi nampoteza mara ya pili." Kijiko kilikuwa kinagonga sufuria, kikasimama. "Nikifumba macho gauni naliona, miguu naiona. Uso unakuja wa Jeni. Zamani ulikuwa unakuja wenyewe, sasa nauita hauji. Ningeupata hata kwenye ubao, ningekuwa nauona kila nikiamka. Usingepotea tena."

"Haya basi." Mama Shija akawaza. "Lakini huyo si anachora vibao vya saluni?"

"Ndiye niliyenaye."

Nililivuta sanduku kutoka uvunguni taratibu ili wasisikie. Sikuwa na moyo mkubwa, msinisifie. Lile neno la saluni ndilo lililoniuma, na lile la "ndiye niliyenaye" likanishika. Nikaanza upya, safari hii kwa kupaka tabaka jembamba kama chai ya rangi, linakauka, tabaka lingine juu yake, taratibu, giza chini na mwanga juu, nikiacha kupigana na ule ukaukaji wake wa haraka nikautumia. Shavu likaanza kuwa na joto. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, uyoga umejaa sokoni, nyumba nzima inanuka udongo. Na kwenye ubao ule, sijui vipi, siku moja macho yakauliza kitu.

Mama Jeni aliingia ametoka sokoni na mvua mabegani. Akasimama. Akaliita jina kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mtoto aliyelala ukitaka kujua kama kweli amelala. "Anita." Akasogea mpaka karibu, akautazama uso wote, halafu akaona kwenye shavu kuna tone la matope, au vumbi lililolowana. Akachukua ncha ya kitenge chake, akailowesha kwa mate kama afanyavyo kila mama, akamfuta mwanawe shavu.

Shavu likatoka. Lilitoka zima, limening'inia kwenye kitenge kama utando wa maziwa, na aliposhtuka akavuta mkono, likafuatana na pua na jicho moja. Nyuma yake ubao ulikuwa unang'aa, safi, rangi ya krimu. Kila fundi wa vibao anajua kwamba ubao hauachwi mtupu; unaupiga kwanza rangi ya mafuta mara mbili, uteleze, ung'ae, brashi ipite vizuri. Ndivyo Fundi Sospeta alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya kwa upendo wote, kwa rangi iliyobaki kwenye kibao cha zahanati. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba rangi za maji haziwezi kuushika mgongo wa mafuta. Zilikuwa zimekaa juu yake tu siku zote hizo, zikisubiri kuguswa. Mama Jeni alishika kile kipande cha uso kiganjani mwake, akajaribu kukirudisha. Alikibandika, akakilainisha kwa kidole, kikajikunja. Alijaribu tena. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Picha iliyopo sasa ndiyo ya pili. Niliukwangua ubao kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, nikaupaka rangi ya maji ya ukutani, ile ya kawaida, nikajaribu kwa ukucha kama inabanduka. Haikubanduka. Ufundi wote niliokosa mwanzo sasa nilikuwa nao, na huo ndio uliokuwa uchungu wenyewe, kwa sababu uso haukurudi. Nilikuwa nauchora kwa mkono unaojua, na kichwa kisichokumbuka nilifanya nini siku ile. Ili nisidanganywe tena na rangi kuiva, nilibuni njia yangu: napaka doa kwenye mkono wa Mama Jeni, nasubiri likauke, natazama kama linapotea kwenye ngozi au linaonekana. Alisema ngozi ya Anita ilikuwa ya kwake, ndiyo kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Alikuwa anakwenda sokoni na mikono ya madoadoa kama kanga, watu wakimuuliza anaumwa nini. Jioni ananyoosha mkono mezani kabla sijaomba. Nilimtazama mwanamke yule miezi yote ya mvua, mwanga unavyokaa kwenye shavu lake, kivuli chini ya mdomo. Nilikuwa natafuta rangi tu, au ndivyo nilivyodhani.

Nilipomwonyesha aliisogeza picha kwenye mwanga wa mlango.

"Umemfanya mtu mzima," akasema.

"Nitampunguza, Mama."

"Usimguse." Akainamisha kichwa upande mmoja. "Huyu kama namfahamu. Lakini siyo Anita."

Nilimwomba msamaha. Akaniambia nisishinde njaa kwa ajili hiyo, chakula kipo. Picha aliitundika mwenyewe sebuleni, kwa sababu, alisema, kazi ya mtu haitupwi. Kiangazi kiliporudi nilihama nikaenda Sumbawanga, na kwa miaka yote iliyofuata nimechora watu wengi kwa rangi zile zile, ukutani mwa shule na makanisani, na nimefundisha vijana wafunike sahani na wakwangue ubao. Kila niliposifiwa nilikumbuka kidevu kile.

Nilifika Shanwe turubai limeshafungwa na wanawake wanaimba. Nilivua viatu nikaingia sebuleni. Jeneza lilikuwa katikati, na mbele yake, juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, kwenye nafasi ambayo watu huweka picha ya marehemu, waliiweka picha yangu. Nilidhani nimeona vibaya. Jeni alikuja akanikumbatia, tukalia, na alipoweza kusema akaniambia kwamba Mama hakuacha picha hata moja. Kila simu ilipoinuliwa alijifunika kitenge. Iliyokuwepo ni ya kitambulisho tu, ndogo, amekunja uso kama anashtakiwa. "Mama mwenyewe alikuwa anasema hii siyo Anita, tukasema bahati nzuri Dada Tina alimchora yeye enzi zake."

Mama mmoja aliyekaa mkekani akadakia, "Ni yeye kabisa. Mtazame kidevu."

Nilitazama. Kidevu kilikaa sawa. Kilikaa sawa kabisa, na midomo, na kile kivuli chini yake, na shavu lililokuwa mezani kwangu kila jioni. Ilikuwa picha nzuri. Nilitaka kuwaambia hapana, huyu ni mtoto wa miaka saba, mmekosea, ana gauni la Pasaka. Nilitaka kukasirika na mtu. Nikamshika Jeni mkono, nikamuuliza kwa sauti ya chini Anita alikuwaje.

Akafikiri. Alishakuwa mwanamke mkubwa, mwenye watoto wake.

"Alikuwa na meno makubwa ya mbele," akasema. "Au yalikuwa ya kwangu. Sijui, Dada. Mama ndiye aliyekuwa anajua."

Wimbo ulikuwa umekwisha, watu wanajipanga kuaga. Jeni akaona vumbi kwenye picha. Akachukua ncha ya kitenge chake, akailowesha kwa mate, akainama, na mimi nikanyoosha mkono kumzuia, nikachelewa. Akafuta shavu, akarudia, akakandamiza. Rangi haikutoka.